Barua ya Ofisini Katika Nchi ya Mbinga na Mwambao wa Nyasa

Mtu wa Mbinga, au wa mwambao wa Ziwa Nyasa kuanzia Lituhi hata Liuli na Mbamba Bay, akiwa na shida na ofisi yo yote huambiwa maneno mawili: "Lete barua." Maneno hayo ni mepesi kwa asemaye na mazito kwa aambiwaye. Mzee mmoja, ambaye habari zake nitazisimulia mbele, aliambiwa hivyo. Akaandika kurasa mbili kwa mkono wake, wala hazikumfaa kitu. Nilipozisoma nilitambua kwamba hakushindwa kwa ujinga. Alikuwa ameandika barua njema ya namna nyingine, yenye historia ndefu kuliko ile iliyotakiwa kwake. Basi yafaa tuitazame historia hiyo kwanza.

Kiswahili kilikuwa lugha ya barua zamani sana kabla ya kuwa lugha ya ofisi. Barua za Kilwa za mwaka 1711, zilizohifadhiwa Goa katika nchi ya Bara Hindi, huhesabiwa na wengi kuwa miongoni mwa maandishi ya kale kuliko yote ya Kiswahili yaliyosalia. Mwaka 1892 Mjerumani C. G. Büttner alipiga chapa kitabu cha nyaraka za Waswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na humo twaona jinsi watu wa pwani walivyoandikiana katika biashara, madeni na mambo ya serikali. Barua ya namna hiyo huanza kwa jina la mwandikiwa na sifa zake: mheshimiwa, mpenzi, ndugu, sheikh fulani bin fulani. Hufuata dua na salamu, kisha habari za afya ya mwandishi na za watu wa nyumbani. Ndipo hutokea yale maneno "ama baada", na haja huingia. Mwisho huwa ni wasalaam, jina la aliyeandika kwa mkono wake, na tarehe.

Msomaji wa leo huziona salamu hizo kuwa mapambo. Mimi sioni hivyo. Katika nchi isiyokuwa na posta wala daftari la serikali, salamu zilikuwa ndizo dhamana. Aliyemtaja mwandikiwa kwa jina la baba yake, akawauliza hali jamaa zake, alithibitisha kwamba anamjua, na kwamba deni litajwalo lina watu nyuma yake. Anayedaiwa hakuweza kusema, "Huyu simfahamu."

Njia ya misafara kutoka Kilwa hata Ziwa Nyasa ilileta bara nguo na baruti, ikapeleka pwani pembe za ndovu na watumwa. Na pamoja na mali hiyo ilileta kalamu. Kwa hiyo tusishangae kuona kwamba katika vita vya Maji Maji vya 1905 Wangoni wa Songea hawakutuma wajumbe na dawa tu. Walimpelekea Mataka, mtawala wa Wayao ng'ambo ya mto Ruvuma, barua ya kumtaka wasahau magomvi ya kale na kupigana pamoja, waitwae boma la Songea na kisha vituo vya Wazungu vya ziwani. Hiyo nayo ilikuwa barua rasmi, tena ya jambo zito kupita yote. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni pale Songea, Songea Mbano akiwa miongoni mwao kwa mapokeo ya wengi.

Wajerumani ndio waliokitia Kiswahili katika herufi za Kirumi kwa kazi ya boma. Karani wa boma hakuhitaji kumjua mtu. Alihitaji kujua siku, mahali na jambo. Hapo ndipo tarehe ilipohama kutoka mwisho wa barua ikapanda juu. Jinsi habari ya tarehe ilivyo na uzito, watu wa Liuli wana kisa chao. Mwezi wa Agosti 1914, Liuli ikiitwa Sphinxhafen, manowari ya Waingereza iliyoitwa Gwendolen ilitokea ghafula ikaipiga mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Nahodha wake, Berndt, alitoka kwa mashua akiwa na hasira, akidhani rafiki yake wa upande wa pili, nahodha Rhoades, amelewa. Ndipo akaambiwa kwamba mataifa yao yamo vitani. Rhoades alikwisha pata habari. Berndt habari yake ilikuwa bado njiani.

Katika zama za Waingereza barua ilipata sura tunayoijua. Anwani ya mwandishi juu upande wa kulia, na tarehe chini yake. Cheo na anwani ya mwandikiwa upande wa kushoto. Namba ya kumbukumbu. Kichwa cha habari. Na tamati ya kujiita mtumishi mtiifu wa mwandikiwa, hata kama mwandishi amekasirika. "Wako mtiifu" yetu ni mtoto wa tamati hiyo ya Kiingereza. Mwaka 1936 kilipoundwa chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, kilichojulikana kwa jina la NGOMAT, kwa ajili ya tumbaku, na baadaye kahawa ilipoenea katika milima ya Umatengo, mkulima alijikuta akishughulika na karani, daftari, stakabadhi na barua kwa jambo lililokuwa zamani la kuafikiana mdomoni.

Januari 1967 makamu wa pili wa rais, Rashidi Kawawa, naye mzaliwa wa nchi ya Songea, alitangaza kwamba kazi za serikali zifanywe kwa Kiswahili. Mwezi uo huo Tanzania iliipelekea Malawi waraka wa kudai kwamba mpaka wa nchi mbili hizi upite katikati ya ziwa, si ufukoni. Malawi ilikataa, ikishikilia mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya tarehe 1 Julai 1890, karatasi ambayo hapana mvuvi wa Liuli aliyeulizwa ilipoandikwa. Jambo hilo lingali halijakwisha. Basi katika mwezi mmoja mwambao huu ulipewa lugha yake ya kuandikia ofisi, na ulionyeshwa pia jinsi karatasi ya zamani inavyoweza kuyashika maji ya watu.

Tangu hapo tuna "Kumb. Na.", tuna "S.L.P.", tuna "YAH:", tuna "K.n.y." na "Nakala"; na "Ndugu" ilichukua mahali pa "Bwana". Walimu wa shule hufundisha viungo hivi kama ramani: hiki hapa, kile pale, na mwanafunzi hupoteza alama akikiweka upande usio wake. Ni nadra kuambiwa kila kimoja kinafanya kazi gani. Tarehe huonyesha ofisi ilijua lini. Kumbukumbu huizuia ofisi kusema haikupata kuandika. Cheo cha mwandikiwa huifanya barua iwe na nguvu hata mwenye cheo akihamishwa. Nakala humpa mwandishi ushahidi, na huiweka habari mbele ya macho mengine.

Lakini kiungo nikionacho kizito kuliko vyote ni kile kichwa cha habari. Karani asomaye barua arobaini kwa asubuhi moja husoma kichwa, akaitia katika jalada. "Ombi" huenda jalada moja, "dai" huenda lingine, "taarifa" lingine. Nasi tumezoea, kwa adabu yetu, kuita kila kitu ombi. Aombaye hupewa mtu akipenda. Adaiye amekwisha kutoa chake.

Sasa nirudi kwa yule mzee. Alikuwa mkulima wa kahawa milimani juu ya mji wa Mbinga. Alipeleka kahawa yake katika chama, akapata malipo ya awali, na malipo ya pili hakuyaona, ilhali jirani zake walikwisha pata. Barua yake ilikuwa na salamu ukurasa mzima. Kichwa chake: "YAH: OMBI LA MSAADA." Kilo hazikutajwa, wala namba ya stakabadhi, wala msimu. Alijibiwa kwa mdomo kwamba chama hakina fungu la misaada. Jibu hilo lilikuwa la haki kwa barua ile, na la dhuluma kwa mtu yule.

Tukakaa tukaandika upya. Kichwa kikawa "MADAI YA MALIPO YA PILI YA KAHAWA". Aya ya kwanza ikataja stakabadhi, kilo na siku ya kupokewa. Ya pili kilicholipwa na kilichobaki. Ya tatu ikataka jibu la maandishi. Nilipofuta salamu zake aliniwekea mkono juu ya karatasi. "Mwalimu," akasema, "nitaingiaje katika nyumba ya mtu bila kupiga hodi?" Sikuwa na jibu la kumridhisha. Tukaacha mstari mmoja: "Baada ya salamu." Nikamwomba pia apeleke nakala mbili, moja igongwe muhuri arudi nayo nyumbani. Karani, alinieleza baadaye, aliishika nakala ile muda mrefu, kwa kuwa hakupata kuombwa hivyo, kisha akagonga.

Jibu lilikuja baada ya majuma matatu. Lilikuwa na kumbukumbu, tarehe, na mistari minne: jina lake liliachwa katika orodha, na fedha angelipwa mwisho wa mwezi. Hapakuwa na salamu. Mzee aliniomba nimsomee mara mbili. Kisha akaikunja barua, akaitia katika mfuko wa koti pamoja na nakala yake yenye muhuri, akauliza huyo aliyetia sahihi ni mtoto wa nani.