Hailu Mergia: kinanda kipya kilipokuja, akodioni haikutupwa

Mwaka 1985, Hailu Mergia, mpiga kinanda kutoka Ethiopia, aliingia katika studio ndogo mjini Washington, Marekani, kurekodi kaseti akiwa peke yake. Ni wakati ambapo wapiga vinanda wa sehemu nyingi za dunia walikuwa wanapaswa kuchagua. Kampuni ya Yamaha ya Japani ilikuwa imeuza kwa miaka miwili kinanda kipya, DX7, na wengi walikuwa wanaacha vya zamani ili wakipate. Hailu naye alikipiga. Lakini pembeni alikuwa na chombo ambacho vijana wa mjini walikuwa wamekisahau: akodioni, kile kinanda kinachobebwa kifuani na kuvutwa na kubanwa kwa mikono miwili.

Ili kuelewa uchaguzi huo, inafaa kurudi nyuma kidogo. Sintesaiza ni kinanda kisicho na nyuzi wala mabomba. Sauti yake inaundwa na umeme. Mwaka 1970 kulitoka Minimoog, mashine ya Kimarekani yenye sauti nene ambayo wanamuziki wanaipenda hadi leo. Ilikuwa na shida zake. Ilitoa noti moja tu kwa wakati mmoja, ni kusema mtu hakuweza kupiga mwitikio wa vidole vitatu kama anavyofanya mpiga kinanda wa kanisani. Tena joto likipanda, sauti ilihama, na mpigaji alilazimika kuirekebisha katikati ya kazi. Mwaka 1978 ikaja Prophet-5, yenye noti tano pamoja na kumbukumbu ya kuhifadhi sauti, lakini bei yake ilikaribia dola 4,000. Nani alikuwa nazo?

Kulikuwa pia na Rhodes, piano ya umeme ambayo ndani yake nyundo ndogo zinapiga vyuma vyembamba. Historia yake inagusa. Harold Rhodes aliianza wakati wa vita vya pili vya dunia, akifundisha muziki askari wa Marekani waliojeruhiwa. Aliwatengenezea vinanda vidogo vya kupigia kitandani, akitumia mabomba ya aluminiamu yaliyotoka kwenye ndege za kivita. Piano iliyozaliwa hospitalini ikaja kuwa sauti ya muziki wa dunia nzima. Ila uzito wake ulizidi kilo 50, na kuibeba ilikuwa kazi ya watu wawili.

DX7 ilikuwa na kilo 14 hivi. Ilitoa noti 16 kwa pamoja, haikuhama sauti kwa sababu ya joto, na Marekani iliuzwa chini kidogo ya dola 2,000. Siri yake haikutoka Japani. Mwaka 1967, John Chowning, mwanamuziki wa chuo kikuu cha Stanford, alikuwa anajaribu kutetemesha sauti kwa kompyuta, kama mwimbaji anavyotetemesha koo. Alipoongeza kasi ya mtetemo, sikio likaacha kusikia mtetemo na likaanza kusikia sauti nyingine kabisa: kengele, shaba, ngoma. Makampuni ya vinanda ya Marekani hayakuona faida ndani yake. Yamaha waliona, wakanunua haki ya kuitumia, na wakafanya kazi miaka mingi kabla ya kukitoa kinanda mwaka 1983. Ziliuzwa zaidi ya 150,000. Minimoog, katika maisha yake yote hadi 1981, ilikuwa imefikia kama 12,000 tu.

Kwa hiyo kipya kilishinda, lakini kusema kweli hakikushinda kwa utamu. Kilishinda kwa sababu kilibebeka, hakikusumbua, na bei iliwezekana. Hilo halipaswi kudharauliwa. Mwanamuziki anayelipwa kidogo kila usiku hawezi kulaumiwa akichagua mashine ambayo haitamwaibisha mbele ya watu.

Hasara ilionekana baadaye. Minimoog ilikuwa na vifungo vya kuzungusha kwa mkono: unageuza, unasikia, unageuza tena. DX7 ilikuwa na vibonyezo bapa, kioo kidogo cha mistari miwili, na kitelezo kimoja cha kubadilisha namba. Kuunda sauti mpya kulihitaji subira ya fundi wa saa. Mwingereza Brian Eno alijifunza kazi hiyo kabisa na akaendelea nayo miaka mingi, lakini wengi walibaki na sauti zilizowekwa kiwandani. Ndiyo maana nyimbo nyingi za polepole za miaka ile zina piano ileile ya kung'aa, kana kwamba wapigaji wote walikuwa wanatumia mkono mmoja. Piano hiyo ilikuwa DX7 ikiigiza Rhodes. Waliouza Rhodes zao wakabaki na mwigo.

Sasa turudi kwa Hailu. Alizaliwa mwaka 1946 na akakulia Addis Ababa, ambako alijifunza akodioni mwenyewe akiwa kijana. Baadaye akahamia kwenye ogani ya umeme na kuwa nguzo ya Walias, bendi iliyopiga katika hoteli ya Hilton. Mfalme alipopinduliwa mwaka 1974, wanajeshi wa Derg waliweka amri ya kutotembea usiku. Familia za Kivu hazihitaji kuelezwa amri ya namna hiyo ni nini. Klabu haikufungwa: wateja walikuwa wanaingia kabla ya saa ya marufuku, milango inafungwa, na bendi inapiga hadi asubuhi kwa kuwa hakuna aliyeweza kurudi nyumbani.

Mwaka 1981 Walias walikwenda kupiga Marekani. Safari ilipoisha, baadhi walirudi. Hailu na wenzake wengine walibaki.

Ndivyo alivyojikuta Washington, mbali na watu waliokuwa wanajua nyimbo zake, bila bendi kamili nyuma yake. Katika kaseti ile ya 1985, Shemonmuanaye, mashine ya ngoma ilichukua nafasi ya mpiga ngoma. Rhodes, Moog na DX7 zikajaza nafasi za wenzake. Na juu ya vyote, mbele kabisa, akaweka akodioni, ikipiga nyimbo za Kiethiopia za zamani. Kipya kilifanya kazi ya msaidizi, na cha zamani kikapewa maneno.

Wasikilizaji wa Congo wana sababu ya kuelewa uzito wa tendo hilo. Kabla ya gitaa za umeme kutawala rumba, Léopoldville ilikuwa na Camille Feruzi, bingwa wa akodioni, na wazee wengi walicheza kwa mvuto wa mikono yake. Huku kwetu pia gitaa ziliisukuma akodioni pembeni. Na katika studio za Paris za miaka ya 1980, soukous nayo ilipokea sintesaiza na mashine ya ngoma. Mara nyingi ndizo zilizofanya kazi ya tarumbeta na saksafoni. Kuna nyimbo zilizopata mwendo mzuri kwa njia hiyo. Kuna nyingine ambazo ukizisikiliza leo unaona wazi pengo la mtu aliyepaswa kuwa anapuliza pale.

Kaseti ya Hailu ilisikilizwa Ethiopia, kisha yeye mwenyewe akatoweka machoni pa watu. Kwa miaka mingi aliendesha teksi, akisubiri abiria kwenye uwanja wa ndege wa Dulles. Nyuma ya gari alikuwa na kinanda kidogo. Foleni ikiwa ndefu alikitoa na kufanya mazoezi ndani ya teksi. Mwaka 2013, Mmarekani Brian Shimkovitz, aliyekuwa ameiona kaseti hiyo dukani Bahir Dar, aliitoa upya, na mwenye teksi akaanza kuitwa tena kwenye majukwaa ya Ulaya na Marekani.

Uzalishaji wa DX7 ulikoma mwishoni mwa miaka ya 1980. Minimoog, iliyoonekana kuwa imepitwa, ilirudi kiwandani mwaka 2016, na zile za zamani zinauzwa ghali kuliko DX7. Akodioni haikuhitaji kiwanda kuirudisha. Haiombi umeme, inabebwa mgongoni, na mahali popote mtu anapoketi anaweza kuifungua na kupiga. Hailu alipotoa albamu mpya mwaka 2018, Lala Belu, alikuwa na miaka zaidi ya 70, na akodioni ilikuwa bado mikononi mwake.