Programu za Kupanga Ngoma kwa Lapi: Gani Inaelewa Taarab, Gani Itakuaibisha Harusini

Chukulia wewe ni DJ wa harusi, Msambweni. Ni usiku wa akina mama, kwa hivyo umekaa nyuma ya turubai na lapi yako, na kila mtu akitaka ngoma anamtuma mtoto. Mtoto anakuja mbio: "Shangazi anasema umuekee ile ya Bhalo." Unaandika Bhalo. Hakuna kitu. Unaandika Balo, zinatokea mbili, zote si yenyewe. Unajua kabisa iko humo ndani, uliitoa kwa flashi ya msee fulani Ukunda, lakini jina lake ni "Track 07" na msanii ni "Unknown Artist". Na wenye jina hilo kwa lapi yako wako mia nne. Huko mbele kumenyamaza. Mimi nimewahi kukaa hapo nyuma ya turubai, manze, na ule ukimya bado nausikia.

Kwa hivyo wacha tuchambue hizi programu za kupanga muziki. Ziko nyingi, za bure ziko, na wasee hubishana kama ni Gor na Ingwe. Lakini wengi wanabishania rangi na muonekano, kumbe shida iko kwingine.

Anza na hii. Programu haisikizi ngoma ndio ijue ni ya nani. Inasoma maandishi yaliyowekwa ndani ya faili, yale huitwa tegi: jina, msanii, albamu, mwaka, aina ya muziki. Tegi za MP3 zilianza 1996 na zilikuwa ndogo, baiti 128 tu. Jina la ngoma lisizidi herufi 30, na aina ya muziki unachagua kwa orodha ya aina 80. Polka imo kwa hiyo orodha. Taarab haimo. Benga haimo. Toleo la pili lilikuja 1998 na sasa unaweza kuandika chochote, hata sengenya au bango. Swali ni nani ameandika. Ngoma ya Marekani inakuja ikiwa imejazwa kila kitu hadi picha ya kava. Ya kwetu inakuja imeandikwa jina la tovuti iliyoiiba.

Sasa, iTunes. Ilitoka 2001, na kwa Mac ilibadilishwa kuwa apu ya Music mwaka 2019. Uzuri wake ni kutafuta haraka na zile pleilisti zinazojijaza zenyewe. Ubaya? Haichezi FLAC. Halafu kuna kale kachaguo ka kupanga folda, ukikawasha inahamisha na kubadilisha majina ya faili zako vile inataka yenyewe. Kama ulikuwa na folda ya "Harusi Kinondo" na ingine ya "Hoteli Jumamosi", utazikuta zimetawanywa kwa majina ya wasanii. Kwa mtu wa kusikiza nyumbani, sawa. Kwa mtu wa kazi, hapana.

foobar2000, ya tangu 2002, ni nyepesi ajabu. Lapi ya mitumba yenye RAM ya kuomba omba itaiendesha bila kulia. Sura yake ni kama fomu ya KRA lakini, na kuipanga vile unataka itakula wikendi nzima. MusicBee ndio naipenda zaidi: ya bure, ya Windows, ina sura, inakubali ngoma nyingi bila kukwama, na kubadilisha tegi za ngoma hamsini kwa mpigo ni kazi ya dakika. Kama uko na Mac, pole, hiyo si yako. MediaMonkey nayo ni nzuri, ila vitu vitamu vingine viko kwa toleo la kulipia.

Halafu kuna zile za kutafuta majina zenyewe, kama MusicBrainz Picard. Hii kweli inajaribu kusikiza: inachukua alama ya sauti, inalinganisha na hazina iliyo kwa intaneti, hazina inayojazwa na watu wa kujitolea. Kwa Afrobeats ni moto. Mpe kanda ya zamani ya Zein l'Abdin iliyorekodiwa kwa redio ya sebuleni uone. Haipati kitu, au inakupa jibu la mbali. Si kosa la programu. Haiwezi kujua kitu ambacho hakuna mtu alikiingiza.

Mtego mwingine ni kitufe cha kufuta ngoma zilizojirudia. Diani bila "Jambo Bwana" hakuna usiku wa hoteli, hiyo unajua. Them Mushrooms waliitoa 1982, Boney M wakaifanya yao mwaka uliofuata, Safari Sound Band nao wako na yao, na kila bendi ya hoteli hapa pwani ina toleo lake. Programu inaona jina moja mara sita inakuuliza, nifute tano? Ukibonyeza ndio kwa haraka, umezika matoleo ambayo huenda hakuna mwingine anayo. Upande wa pili, Them Mushrooms baadaye walijiita Uyoga, na programu inawahesabu kama bendi mbili zisizojuana. Inaunganisha visivyofaa, inatenganisha ndugu.

Upande wa ma-DJ wenyewe, hapa ndio ugomvi mkubwa. Serato huandika alama zako za kukatia ngoma ndani ya faili lenyewe. rekordbox na VirtualDJ huziweka kwa daftari lao, pembeni. Unaona tofauti? Ufuo wetu una chumvi inayokula lapi kama mchwa. Lapi ikifa, na bekapu yako ni ya faili za muziki tu, lile daftari limeenda nalo. Ngoma unazo, kazi yako ya miaka miwili huna. Ukitumia hizo mbili, nakili na daftari pia, kila wiki.

Na zote zinasumbuka na mdundo wetu. Singeli ya mapigo 200 kwa dakika inaweza kuandikwa 100. Taarab na sengenya zimepigwa kwa mkono, mwendo unapanda na kushuka vile mpigaji anajisikia, kwa hivyo ile mistari ya kupimia mapigo inateleza kabla ngoma ifike katikati. Usiamini kitufe cha kusawazisha hapo, tumia masikio.

Kwa hivyo mimi napima programu kwa swali moja: nikiandika kitu leo, kinakaa ndani ya faili au kinakaa kwa programu? Jaribu hivi. Badilisha tegi ya ngoma moja, iweke kwa flashi, ifungue kwa lapi ya beshte. Kama maandishi yako yamefika, fiti. Na usiweke muziki wako kwa WAV ukitegemea tegi. Programu nyingi huzisoma vibaya au hazizisomi kabisa. Tumia FLAC ya kuhifadhi na MP3 ya kazi.

Majina nayo, chagua tahajia moja uishikilie. Mimi niliandika Juma Bhalo, yenye h, kila mahali, halafu kwa sehemu ya maelezo nikaweka Balo na Baalo, ndio yeyote akitafuta vyovyote ampate. Mp3tag ilinisaidia kufanya hizo zote kwa mpigo mmoja.

Zile mia nne zangu zilinichukua jioni kumi na moja. Ambazo sikuzijua nilimpelekea shangazi mmoja Gazi, nikamchezea sekunde ishirini ishirini. Alikosa tisa tu. "Track 07" aliitambua kabla mtu hajaanza kuimba, akanitajia na jina la biarusi aliyechezewa mara ya kwanza. Hiyo pia nimeiandika kwa tegi.