Karakana mbili za mwaka 1972: sanaa na vijana wasio na cheti jijini Dar es Salaam

Katika miaka ya 1950 na 1960 vijana wengi wa kusini mwa Tanganyika, hususan Wamakua, Wamakonde na Wayao, walihama kwao kufuata kazi katika mashamba ya mkonge, na baadhi yao wakaishia Dar es Salaam, ambako kijana asiye na cheti aliweza kuwa mtunza bustani, mpishi wa nyumbani, mchuuzi wa mboga au mlinzi wa usiku, na mara chache zaidi ya hapo. Miongoni mwa watu hao ndiko zilikochipuka njia mbili za kufundishana sanaa zilizoitambulisha Tanzania nje ya mipaka yake, na zote mbili zinaugusa mwaka 1972: moja ilifiwa na mwasisi wake mwaka huo, nyingine ikaanzishwa.

Mwasisi aliyefariki ni Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru wa mwaka 1932, ambaye alipitia mkonge wa Tanga, kazi za nyumbani, uuzaji wa mboga na hatimaye uhudumu katika hospitali ya Muhimbili. Alianza kuchora yapata mwaka 1968, akitumia vipande vya ubao mwepesi wa dari na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli, kwa kuwa vitu hivyo vilipatikana mjini kwa bei aliyoimudu, na picha zake ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, mtaa uliokaliwa na wageni wengi. Wateja walipoongezeka alichukua wanagenzi, yaani watu wanaojifunza kazi kwa kuifanya chini ya fundi badala ya kulipa ada. Hao walikuwa zaidi ndugu zake na watu wa kwao, wakiwamo Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda, Adeusi Mandu na Simon Mpata.

Mafunzo ya karakana hiyo hayakuwa na mtaala ulioandikwa, lakini yalikuwa na mpangilio. Anayeanza hupewa kazi isiyodai mkono uliokomaa, nayo ni kuupaka ubao rangi ya msingi na kuungoja ukauke. Baadaye hujaza rangi ndani ya umbo lililochorwa na mwenzake, hutia madoa ya chui au magamba ya samaki, na mwisho kabisa ndipo huachiwa kuchora mnyama mwenyewe, kwa sababu mstari uliopotoka ni hasara ya ubao na ya rangi. Tingatinga alipouawa kwa risasi ya polisi, waliolidhania gari alilokuwamo kuwa la majambazi, alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu, na muda huo mfupi ulitosha, kwa kuwa wanagenzi wake nao walikwisha kujua namna ya kumfundisha mgeni. Mwaka 1990 warithi wa kazi hiyo walijisajili kuwa chama cha ushirika, wakiwa palepale Oysterbay.

Karakana iliyoanzishwa mwaka huo wa 1972, Nyumba ya Sanaa, ilikuwa na sura tofauti. Ilianzishwa na Sista Jean Pruitt, mtawa Mmarekani wa shirika la Maryknoll, kwa lengo la kuwapa vijana wenye kipaji mahali pa kufanyia kazi, vifaa, na duka la kuuzia walichokitengeneza. Mwaka 1983 Mwalimu Julius Nyerere alifungua jengo lake katikati ya jiji, lililojengwa kwa msaada wa Norway. Humo vijana walijifunza batiki, ufinyanzi na uchapaji wa bamba la chuma, ufundi ambao haukuwa umezoeleka nchini: bamba hupakwa nta, msanii huikwaruza nta hiyo kwa sindano, kisha bamba hutumbukizwa katika tindikali inayokula chuma palipokwaruzwa tu, wino hujazwa ndani ya mifereji hiyo, na karatasi yenye unyevu hukandamizwa juu yake kwa mashine, ili mchoro mmoja uzae nakala nyingi zilizo halali kuuzwa kama kazi za asili. Kwa msanii maskini faida ya ufundi huo iko wazi, kwani kinyago huuzwa mara moja tu.

Msanii mashuhuri kuliko wote waliopitia humo, George Lilanga, hakuingia kama mwanafunzi, wala hakuwa kijana tena. Alizaliwa mwaka 1934, akajifunza uchongaji wa Kimakonde kwao kusini, na mwaka 1974, kwa msaada wa mjomba wake Augustino Malaba aliyekuwa msanii hapo, aliajiriwa kuwa mlinzi. Vifaa vilivyokuwa ndani vilimvuta; akaanza kuhamishia mashetani ya vinyago kwenye batiki, ngozi za mbuzi na mabamba ya chuma, na baadaye kwenye ubao wa rangi. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, na hadi alipofariki mwaka 2005 zilikuwa katika mikusanyo mikubwa ya sanaa barani Ulaya.

Jambo linaloziunganisha karakana hizo, na ambalo wapangaji wa mafunzo husahau mara kwa mara, ni kwamba mwanafunzi alipata chochote cha kula siku ileile aliyojifunza. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1981 na kinachoitwa TaSUBa tangu mwaka 2007, kimetoa wacheza ngoma na waigizaji hodari. Hata hivyo masharti ya kujiunga na ada ni kizingiti ambacho Tingatinga mwenyewe asingekivuka. Ni kweli pia kwamba njia ya kulipwa papo hapo ina gharama yake, kwa sababu kijana anayetegemea watalii hurudia picha inayouzika, na twiga wengi wa Oysterbay wanafanana mno.

Nyumba ya Sanaa, iliyotegemea jengo na wafadhili, ilififia hatimaye na wasanii wake wakatawanyika. Mtindo wa Tingatinga ulivuka mpaka: mwaka 2010 mfululizo wa katuni za watoto uitwao Tinga Tinga Tales, uliotengenezwa Nairobi katika studio ya Homeboyz, uliwapa vijana wa Kenya ajira na ujuzi wa uhuishaji, yaani ufundi wa kuzipa mwendo picha zilizochorwa. Sheria ya hakimiliki hulinda picha moja moja na si mtindo wenyewe, na hivyo wachoraji wa ushirika hawana njia rahisi ya kuwazuia vijana wanaouza picha za namna hiyo katika maduka ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao wengi wao walifundishwa na mtu aliyefundishwa na mwingine.