Kwa Nini Tusiseme Mfumo wa Uchawi

Riwaya ndefu za ulimwengu wa kubuni, zile zenye ramani za nchi zisizokuwapo na juzuu zinazojaza rafu nzima, zimetuletea istilahi ambayo bado haina jina lililotulia katika Kiswahili. Kwa Kiingereza huitwa magic system. Maana yake ni jumla ya kanuni zinazotawala mambo yasiyo ya kawaida ndani ya hadithi: nani anayaweza, anatumia nini, analipa gharama gani, na uwezo wake unakomea wapi. Tafsiri inayomjia mtu upesi ni "mfumo wa uchawi". Mimi naipinga, na sababu zangu nazichota Bungoma na Kitale, ambako neno uchawi lina uzito ambao mtafsiri hana haki ya kuupuuza.

Tuanze na kitu chenyewe. Mwaka 2007 mwandishi Mmarekani Brandon Sanderson alichapisha makala iliyoweka kanuni yake ya kwanza: mwandishi anaweza kutumia nguvu za ajabu kumnasua mhusika wake kwa kadiri ileile ambayo msomaji amezielewa nguvu hizo. Msomaji asipozielewa, unasuaji huo utaonekana kuwa hila. Baadaye akaongeza ya pili, ambayo naiona bora zaidi, kwamba mipaka ya nguvu ina thamani kuliko nguvu zenyewe.

Mfano wake mzuri uko katika Mistborn, riwaya ya mwaka 2006. Humo kuna watu wachache wanaozaliwa na uwezo wa kumeza chembe za metali na kuzichoma ndani ya mwili. Kila metali ina kazi yake. Bati hunoa macho na masikio. Chuma huvuta vitu vya metali vilivyo karibu, na pua, yaani chuma kigumu cha kutengenezea visu, huvisukuma. Lakini anayesukuma naye husukumwa. Akiisukuma sarafu iliyolala chini, ardhi inaizuia sarafu isiende popote, kwa hiyo anayerushwa juu ni yeye. Akisukuma kitu kizito kumzidi, atakayerudi nyuma ni yeye. Na metali ikiisha tumboni, uwezo umekwisha. Kwa kanuni hizo chache msomaji anaweza kuyatazama mapigano na kujua mapema ni nani yuko hatarini.

Robert Jordan alikuwa amepita njia nyingine katika The Wheel of Time, iliyoanza mwaka 1990. Watu wake wenye uwezo hushika nyuzi za vitu vitano, yaani ardhi, hewa, moto, maji na roho, kisha huzifuma pamoja. Hapa Kiswahili kina bahati kubwa, maana neno letu mfumo limetoka katika kitenzi kufuma. Mtafsiri wa Jordan hatahitaji kueleza lolote. Jordan alifariki mwaka 2007 kabla hajamaliza, na Sanderson ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuifikisha mwisho, mwaka 2013.

Pale penye kanuni, msomaji hukaa chini akapiga hesabu. Hapo ndipo inapozaliwa istilahi ya pili, ile ya maelezo yanayobuniwa na wasomaji kuhusu mambo ambayo mwandishi hajayafichua. Katika The Fires of Heaven, iliyotoka mwaka 1993, mhusika aitwaye Asmodean anauawa na mtu ambaye hatajwi. Wasomaji walibishana kwa miaka 17. Walipima nani alikuwa wapi, nani aliweza kufuma nini, nani alikuwa na sababu. Jibu lilikuja mwaka 2010 katika faharasa ya juzuu iitwayo Towers of Midnight: aliyemuua ni Graendal. Jordan alipoulizwa maswali ya aina hiyo enzi za uhai wake alikuwa na jibu moja alilopenda, soma utajua.

Katika Mistborn kidokezo kilikuwa wazi zaidi, na bado wengi walikipita. Msichana Vin anavaa herini aliyopewa na mama yake tangu kurasa za mwanzo za kitabu cha kwanza. Ni katika kitabu cha tatu, cha mwaka 2008, ndipo inapobainika kwamba kipande hicho cha metali kilichotoboa mwili wake kilikuwa mlango wa adui kumnong'oneza. Msomaji aliyezingatia kwamba metali ndiyo asili ya nguvu zote za ulimwengu huo alikuwa na haki ya kuishuku herini mapema.

Nguvu zenye kanuni si jambo geni kwetu, hata kama jina lake ni geni. Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya Lamu na Pate ambaye utendi wake uliandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, hadhuriki kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikimchoma kitovuni. Hiyo ni kanuni kamili: metali moja, mahali pamoja, na siri ambayo mtoto wa mtu anaweza kuitoa. Shaaban Robert naye, katika Adili na Nduguze cha mwaka 1952, aliwageuza ndugu wawili wenye husuda kuwa manyani na kumfunga Adili kwa amri ya kuwapiga kila usiku. Sanderson angeliona hilo angetambua mara moja kilichofanyika, kwa kuwa mzigo wote wa hadithi uko katika gharama, si katika mgeuko. Adili anaumia kila usiku kwa ajili ya amri hiyo.

Basi kwa nini tusiseme tu mfumo wa uchawi na kuendelea?

Kwa sababu katika Kiswahili uchawi si jina la nguvu. Ni jina la kosa. Mganga na mchawi wanaweza kushika mzizi uleule wa mti, lakini lugha inawatenganisha kwa nia: mmoja anaponya, mwingine anadhuru. Mpiga ramli ana jina lake, mtabiri lake, mwenye mazingaombwe lake. Kibukusu, lugha ya wengi katika kaunti ya Bungoma na sehemu kubwa ya Trans Nzoia, hupanga mambo kwa uangalifu kama huo. Omulosi ndiye mchawi, adui wa jirani zake. Omufumu hupiga bao na kutibu. Omukimba hushughulika na mvua. Omung'osi huona yajayo. Ukimwita omukimba kwa jina la omulosi, umemshtaki mbele ya watu, na ni juu yako kueleza amemdhuru nani.

Shtaka hilo limeua watu. Mwezi Mei 2008, katika eneo la Kisii, umati uliwateketeza watu 11 kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wazee. Sheria ya Uchawi ya Kenya, iliyotungwa na serikali ya kikoloni mwaka 1925, imeliweka neno hili katika orodha ya makosa ya jinai kwa karibu karne nzima. Mtoto wa Kimilili au wa Kiminini anayesikia neno uchawi hafikirii shujaa wa riwaya. Anafikiria jirani aliyefukuzwa.

Tena kuna Elijah Masinde, na kwa watu wa huku haiwezekani kuzungumzia nguvu zisizoonekana bila kumfikia. Alikuwa mtu wa Kimilili, aliyewahi kusifika kwa soka kabla hajasifika kwa lolote lingine. Katika miaka ya 1940 alianzisha Dini ya Msambwa, akiwataka watu warudi kumwabudu Wele, yaani Mungu, kwa njia za wahenga, waurejee Mlima Elgon kama mahali patakatifu, na Wazungu waondoke katika ardhi. Mwaka 1945 serikali ilimpeleka Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili, akakaa huko hadi 1947. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa dini hiyo huko Malakisi wakaua watu 11. Dini ikapigwa marufuku, na Masinde akapelekwa uhamishoni Lamu, pwani ileile ya Liyongo. Katika Trans Nzoia, ambako vibarua na maskwota walikuwa wakilima mashamba ya walowezi kuizunguka Kitale, dini hiyo ilipata wafuasi wengi. Hao walikuwa watu wenye madai ya ardhi, na madai yao yalieleweka vizuri. Ilikuwa rahisi kwa watawala kuyaita wazimu na ushirikina, kwa kuwa jina la namna hiyo humwondolea mtawala wajibu wa kujibu.

Ndiyo maana nasema neno tutakalolichagua kwa ajili ya riwaya lazima lisibebe tuhuma hiyo. Siku moja mwandishi wa Bungoma ataandika riwaya yake ya kubuni ulimwengu, na atawaweka ndani yake waleta mvua na waona mbali. Tukiwa tumekwisha kuzoea kuita yote hayo mfumo wa uchawi, tutakuwa tumewahukumu watu wake kabla hawajafungua kinywa.

Neno sihiri lingeweza kufaa, ila katika masikio ya Waislamu nalo ni dhambi iliyotajwa kwa jina. Mazingaombwe ni mchezo wa kuchezea macho. Uganga unakaribia, lakini unafunga mlango kwa nguvu zinazoharibu, na riwaya hizi zina nyingi. Napendekeza mfumo wa maajabu. Ajabu halimsifu mtu wala halimtuhumu, na limekwisha kuzoeleka katika fasihi yetu ya kutafsiriwa: hadithi ya Alice ya Lewis Carroll ilipoletwa kwa Kiswahili mwaka 1940 iliitwa Elisi katika Nchi ya Ajabu, na hakuna msomaji aliyedhani kwamba Elisi ni mchawi.

Sanderson hugawa mifumo hii kwa maneno yanayomaanisha ngumu na laini. Tusiyafuate. Kwetu jambo gumu ni jambo lisiloeleweka kwa urahisi, kinyume kabisa cha anachokusudia, kwa sababu mfumo wake mgumu ndio unaoeleweka. Maajabu bayana kwa yale yenye kanuni zilizowekwa mezani, na maajabu fiche kwa yale ambayo mwandishi ameyaacha gizani kwa makusudi, yatatosha. Sindano ya shaba ya Liyongo ni maajabu bayana.

Istilahi nzuri pia hutuambia kile kisichohusika. Wabukusu husimulia habari za Mango, aliyemfuata joka Yabebe hadi pangoni na kulikata kichwa, na ambaye baada ya ushujaa huo alitahiriwa, tohara ikawa desturi ya ukoo baada ya ukoo. Mtu mwenye haraka angeiweka hadithi hiyo katika fungu la maajabu kwa sababu ya joka. Lakini Mango hana nguvu yoyote isiyo ya kawaida. Ana upanga, hasira na subira. Ukiuliza maswali yetu manne, nani anayaweza, kwa kutumia nini, kwa gharama gani na hadi wapi, hupati mfumo wa maajabu hapo. Unapata mwanamume mmoja na uamuzi wake, na nadhani ndiyo sababu wavulana wanaokwenda mtoni mwezi Agosti wa miaka inayogawanyika kwa mbili bado wanaweza kumwiga.

Imebaki istilahi ya makisio ya wasomaji. Nimeona watu wakiandika nadharia ya mashabiki. Shabiki kwetu hushangilia timu au mgombea, na hatakiwi kuleta ushahidi. Watafiti wa vyuo vikuu wanalo neno linalofaa zaidi, nadharia tete, wanalolitumia kwa wazo linalosubiri kupimwa. Tete ni punje changa, na katika nchi ya mahindi kama Kitale hakuna haja ya kumweleza mtu kwamba punje hiyo huenda ikakomaa, huenda ikanyauka, na kwamba hakuna anayeipeleka ghalani kwa sasa. Basi tuseme nadharia tete ya wasomaji.

Nalisisitiza neno tete kwa sababu huku kwetu kuna usomaji mwingine unaofanana na huu, na ambao hauna budi kutofautishwa nao. Mutonyi wa Bukelembe anakumbukwa kwamba alitabiri kuja kwa Wazungu kabla hawajafika. Masinde, aliyefariki mwaka 1987, ameachiwa mdomoni maneno mengi kuhusu uongozi wa nchi, na kila uchaguzi unapokaribia wanasiasa wa magharibi mwa Kenya huyafasiri upya kwa faida ya yule wanayemuunga mkono. Wafasiri hao nao hukusanya vidokezo na kuvioanisha. Tofauti ni kwamba msomaji wa Jordan alijua kuna mtu anayelijua jibu, na kwamba siku moja litachapishwa. Aliyesema kwamba muuaji ni mwingine alinyamaza mwaka 2010. Maneno ya Masinde hayana faharasa, na anayeyafasiri vibaya hapatikani na kosa, kwa hiyo hayo tusiyaite nadharia tete. Tuendelee kuyaita tafsiri za unabii, tuyaheshimu kwa jina hilo, na tumdai anayeyatoa jukwaani aseme ameyasikia kwa nani.

Kuhusu wahusika wenyewe, Kibukusu kimenifundisha njia ninayoiamini: mpe mtu jina la kazi anayoifanya. Watu wa Sanderson wawe wachoma metali. Wa Jordan wawe wafumaji. Kwa Jordan mtafsiri atakutana na tatizo moja la ziada, maana wanaume na wanawake huteka nguvu zao katika nusu mbili tofauti, na nusu ya wanaume imetiwa sumu inayowapa wazimu, ilhali mfumaji kwa Kiswahili ni mwanamume au mwanamke sawasawa. Itabidi aamue tangu sura ya kwanza kama ataandika mfumaji wa kiume na mfumaji wa kike kila mara, au ataziacha sentensi zinazozunguka zibainishe. Mimi ningechagua la kwanza, hata likirefusha kitabu, kwa sababu hatari inayomkabili mwanamume huyo ndiyo inayobeba hadithi nzima.