Maji, Moto na Umeme Unaofika Itiryo

Mvua inayonyesha Itiryo, katika Wilaya ya Tarime mkoani Mara, huishia Ziwa Victoria. Maji yasiyopotea kwa kugeuka mvuke yana mlango mmoja tu wa kutokea ziwani humo: Jinja, nchini Uganda, Mto Nile unapoanza safari ya kaskazini. Pale Jinja kituo cha Owen Falls, ambacho siku hizi huitwa Nalubaale, kinafua umeme tangu mwaka 1954. Chini yake mto unapita Bujagali, Isimba na Karuma, kisha unakwenda hadi Bwawa la Aswan nchini Misri, na kila kituo huyatumia maji kabla ya kuyaachia. Umeme unaowasha taa za Itiryo hutoka upande mwingine kabisa. Unatoka kwenye gridi ya Taifa, na chanzo chake kikubwa kuliko vyote kipo Mto Rufiji, kama kilomita 800 kutoka Tarime kwa mstari ulionyooka.

Kituo cha umeme, kiwe cha maji au cha joto, hakiumbi nishati. Kinaigeuza tu kutoka sura moja kwenda nyingine. Mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikisogezwa karibu na waya uliozungushwa, umeme hupita katika waya huo. Jenereta ya kituo kikubwa inafuata kanuni hiyohiyo. Katikati kuna rota, yaani shafti iliyofungwa sumaku za umeme. Kuizunguka kuna stata, duara la chuma lisilosogea lililojazwa nyaya za shaba. Rota ikizunguka, umeme huzaliwa kwenye nyaya za stata. Mabwawa, mabomba, matanuri na visima vya gesi vyote vipo kwa kazi moja: kuizungusha rota hiyo. Nayo haizunguki kirahisi, kwa kuwa kadiri wateja wanavyovuta umeme mwingi, ndivyo nguvu ya sumaku inavyoizuia zaidi.

Katika kituo cha maji, kinachosukuma ni uzito wa maji yanayoshuka. Bwawa huyazuia na kuyapandisha, kisha maji huingia kwenye handaki au bomba la chuma, hushuka kwa kasi na kupiga mapanga ya turbaini iliyounganishwa na shafti ya jenereta. Yakimaliza kazi hurudi mtoni. Nguvu inayopatikana hutegemea mambo mawili, wingi wa maji kwa sekunde na kimo yanachoshuka, na moja linaweza kufidia jingine.

Hesabu yake inapendeza ukiifanya kwa uniti za LUKU, yaani zile zinazonunuliwa kwa mita ya malipo ya kabla. Chukua tangi la lita 1,000 za maji. Kihansi, mkoani Morogoro, maji hushuka takriban mita 850, na ukiondoa upotevu wa mashine, tangi hilo hutoa karibu uniti 2. Kidatu, ambako maji hushuka kama mita 175, tangi lilelile halifikishi hata nusu uniti. Kwenye kijito cha vilimani Tarime chenye anguko la mita 20, ungehitaji matangi kama 20 ili upate uniti moja. Hii ndiyo sababu Kihansi, penye mto mdogo, pana kituo cha megawati 180, wakati mito mingi mipana ya tambarare haina hata kimoja.

Kimo ndicho kinachoamua pia aina ya turbaini. Penye anguko refu na maji machache hutumika turbaini ya Pelton, gurudumu lenye vikombe vinavyopigwa na maji kutoka kwenye mdomo mwembamba wa bomba. Ndiyo iliyofungwa Kihansi. Penye kimo cha kati hutumika ya Francis, kama Kidatu, ambayo maji huingia kutoka pembeni na kutokea katikati. Penye anguko fupi na maji mengi hutumika ya Kaplan, yenye mapanga yanayoweza kugeuzwa pembe.

Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kwenye korongo la Mto Rufiji kwa ukuta wenye urefu wa mita 1,025 na kimo cha mita 131. Lilianza kujazwa maji tarehe 22 Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha mwaka 2024. Lina mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Kiasi hicho ni zaidi ya umeme wote ambao nchi ilikuwa ikihitaji kwa saa za matumizi makubwa wakati mtambo wa kwanza unawashwa.

Ramani ya vituo hivi vya maji ina jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Bwawa la Mtera na kituo cha Kidatu vipo kwenye Mto Ruaha Mkuu. Maji ya Kihansi huishia Kilombero. Ruaha Mkuu na Kilombero yote huingia Rufiji kabla ya korongo la Bwawa la Nyerere. Kwa hiyo maji yaliyopita Mtera hufua umeme tena Kidatu, kisha tena Rufiji, na hilo ni jambo jema sana mvua zikiwa nzuri. Zikikosekana, upungufu nao hupita vituo vyote kwa mpigo. Tangu miaka ya 1990 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka baadhi ya miezi ya kiangazi, na matumizi ya maji kwenye mashamba ya mpunga ya bonde la Usangu ni miongoni mwa sababu zinazotajwa. Mwaka 2006 kina cha Mtera kilishuka vibaya na nchi ikaingia kwenye mgawo mkali wa umeme. Wengi wanaukumbuka.

Ndipo umuhimu wa vituo vya joto unapoonekana. Hapa rota husukumwa na nishati iliyofungwa ndani ya kitu kinachoungua. Njia ya zamani ni ya mvuke: mafuta, makaa au makapi ya miwa huchomwa, maji yanachemka ndani ya boila, mvuke wenye shinikizo kubwa hupiga turbaini, kisha hupozwa kuwa maji na kurudishwa kwenye boila. Viwanda vya sukari kama TPC cha Moshi hujizalishia umeme kwa njia hiyo. Olkaria, nchini Kenya, hakuna moto wa kuwasha, kwa kuwa mvuke hutoka ardhini.

Njia ya pili ni turbaini ya gesi. Hewa hubanwa, huchanganywa na gesi asilia na kuwashwa. Moshi wa joto linalozidi nyuzi 1,000 husukuma mapanga moja kwa moja, bila maji wala mvuke. Gesi ya Songosongo, iliyogunduliwa mwaka 1974, ilianza kufua umeme Ubungo mwaka 2004. Njia ya tatu ni injini ya pistoni, ndugu mkubwa wa injini ya lori. Kituo cha Nyakato, Mwanza, cha megawati 60, kilijengwa kwa injini za namna hiyo zinazotumia mafuta mazito.

Udhaifu wa moto ni kwamba sehemu kubwa ya joto hupotea. Mita moja ya ujazo ya gesi ina joto la karibu uniti 10, lakini turbaini ya kawaida hutoa umeme wa uniti 3 hadi 4 tu. Kinyerezi II, Dar es Salaam, hupunguza hasara hiyo kwa kuukamata moshi unaotoka kwenye turbaini za gesi, kuchemshia maji, na kuzungushia turbaini nyingine za mvuke. Kwa gesi ileile, umeme unaongezeka kwa karibu nusu. Kwa maoni yangu, kila kituo kipya cha gesi nchini kingepaswa kujengwa hivyo, kwa kuwa gesi ikishachomwa hairudi.

Umeme wa gridi hauwekwi ghalani. Unaotumika sekunde hii lazima uzalishwe sekunde hii. Mashine za kusaga zikiwashwa kwa wingi, rota zote za gridi hulemewa na mwendo wake hupungua kidogo. Vidhibiti hung'amua hilo na kufungua maji au gesi zaidi ili umeme ubaki kwenye hezi 50. Vituo vya maji hufanya hivyo kwa wepesi, kwa kuwa kufungua lango ni kazi ya muda mfupi, ilhali kituo cha mvuke kilichopoa huhitaji saa kadhaa kuamka. Kwa hiyo maji na moto vinahitajiana hata mwaka wa mvua nyingi.

Baada ya kuzalishwa kuna safari. Waya wowote hula umeme kwa kuugeuza joto, na hasara hiyo hupungua mara nne msongo ukipandishwa mara mbili. Ndiyo maana umeme wa Rufiji hupandishwa na transfoma hadi kilovolti 400 unapokwenda Chalinze, kisha hupozwa hatua kwa hatua njiani hadi kilovolti 33, na mwisho volti 230 kwenye nyumba. Watu wa Tarime wana jirani wa kulinganisha naye. Ng'ambo ya mpaka wa Sirari, kwenye Mto Kuja katika Kaunti ya Migori, kipo kituo kidogo cha Gogo chenye megawati 2, kilichojengwa miaka ya 1950. Umeme wake ni mchache, lakini hausafiri nusu ya nchi ili kuwafikia watu wa karibu yake.

Kwa mikoa iliyo pembezoni kama Mara, kuwa na bwawa kubwa Rufiji ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni laini imara, vituo vya kupoza umeme vya kutosha, na vyanzo vidogo karibu na mtumiaji. Fedha zinazokwenda kwenye laini hizo zinastahili uzito uleule uliopewa bwawa.