Mtoto kaungua na uji: Cha kufanya nyumbani, na kazi ya nesi hadi baada ya kidonda kufunga

Jiko la mkaa liko chini, sufuria ya uji iko juu yake, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu ndo kwanza kajua kutembea. Watoto wengi wadogo wanaofikishwa wodi za majeraha ya moto hawajaguswa na moto wenyewe. Kimewaunguza kitu cha moto: uji, chai, supu ya maharage, au maji ya kuoga yaliyowekwa kwenye beseni yakisubiri kuchanganywa na ya baridi.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu 180,000 hufa kila mwaka kwa majeraha ya moto, na wengi wao wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani huku kwetu. Ila wapo wengine wengi ambao hawafi. Wanapona kidonda, halafu wanabaki na mkono usionyooka. Hao ndio tutawazungumzia zaidi hapa, kwa sababu mkono ule mara nyingi ungeweza kuokolewa.

Maji kwanza, dakika 20

Ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yako. Maji ya nyuzi joto 60 yanaweza kumuunguza mtu mzima vibaya ndani ya sekunde 5 hivi, na mtoto ndani ya muda mfupi zaidi. Kikombe cha chai ambacho wewe unakinywa bila shida bado kinaweza kumbabua yeye.

Mtoe kwenye hicho kitu cha moto, kisha mvue nguo fasta pamoja na nepi, maana nguo iliyoloa uji inaendelea kuunguza. Kama kitambaa kimegandia kwenye ngozi, kata pembeni yake na ukiache kilichoganda. Vua bangili, shanga na kamba za mkononi kabla mkono haujavimba.

Halafu mwagia maji safi ya kawaida, ya bomba au ya ndooni, kwa dakika 20. Sio dakika 2. Tazama saa kwenye simu, kwa sababu mtoto anayelia anafanya dakika 3 zionekane nusu saa. Kama bomba halitoi, chukua jagi umwagie taratibu, au weka kitambaa safi chenye maji na ukibadilishe kila kinapopata joto. Maji haya bado yana faida hata kama zimepita saa 3 tangu aungue, kwa hiyo usiseme "tumeshachelewa".

Poza jeraha tu, usimpoze mtoto mzima. Sehemu nyingine zote zifunike kwa khanga au blanketi. Mtoto mchanga, au mtoto wa Njombe mwezi wa sita, anaweza kupata baridi kali akimwagiwa maji mwili mzima. Akianza kutetemeka, acha maji, mfunike, nenda hospitali. Barafu usiweke kabisa.

Dawa ya meno, yai, manyoya ya sungura

Kila mtaa una dawa yake. Wapo wanaopaka dawa ya meno, wengine unga wa ngano, ute wa yai, mafuta ya kula, mafuta ya taa au manyoya ya sungura. Bibi anayekuletea manyoya anakuletea kwa upendo, na alimuona mtu akipona. Jeraha la juu juu hupona lenyewe ndani ya wiki 2 hivi, kwa hiyo chochote utakachopaka kitapewa sifa.

Tatizo ni kinachotokea hospitali. Nesi hawezi kuona kina cha jeraha lililofunikwa na unga uliokauka. Inabidi akwangue na kuosha, na anayeumia ni mtoto. Yai bichi na manyoya vinaweza kubeba vijidudu hadi kwenye nyama ambayo haina tena ngozi ya kuilinda.

Watu huuliza kuhusu asali. Ni kweli ipo asali iliyotakaswa ambayo imefanyiwa utafiti kwenye vidonda, lakini hiyo hupakwa na wahudumu wa afya baada ya jeraha kuoshwa na kupimwa. Ya kwenye chupa sokoni ni habari nyingine.

Ukishapoza, funika kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, au nailoni safi ile nyembamba ya kufungia chakula. Ilaze juu ya jeraha, usiizungushe ukakaza. Lengelenge usilipasue.

Kwa maumivu, sharubati ya parasetamoli inafaa, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 12 ni miligramu 180. Ukiwa na chupa iliyoandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, hiyo ni mililita 7.5. Soma chupa yako kwanza, maana hazilingani. Aspirini mtoto hapewi.

Kiganja chake ndiyo rula

Kiganja cha mtoto mwenyewe pamoja na vidole vyake ni karibu asilimia 1 ya ngozi yake yote. Sio kiganja chako, chake. Manesi wanatumia kipimo hichohicho, na wewe unaweza kukitumia ukiwa bado nyumbani.

Jeraha likizidi kiganja chake, twende hospitali. Na hata likiwa dogo, twende kama liko usoni, mkononi, mguuni, sehemu za siri au kwenye kiungo kinachokunjwa. Kama mtoto hajafika mwaka. Kama ni umeme. Kama alikuwa kwenye moshi na sauti imekwaruza au ana masizi puani. Magadi ya kutengenezea sabuni na maji ya betri yanahitaji kuoshwa muda mrefu zaidi ya dakika 20. Mtoto akiwa amevimeza, usimtapishe.

Kuna kitu kinawachanganya wazazi wengi. Kwenye ngozi nyeusi, tabaka la juu likibanduka panabaki pekundu, panatisha, na mtoto analia sana. Mara nyingi hilo ni jeraha la juu juu. Jeraha la kuogopa ni lile jeupe au la kahawia, kavu kama ngozi ya kiatu, ambalo mtoto ukimgusa hashtuki. Mishipa ya kuhisi imeungua. Kimya hicho sio nafuu.

Kumbuka saa aliyoungua

Mapokezi utaulizwa ameungua saa ngapi. Jibu "asubuhi" halitoshi, na hii ndiyo sababu.

Mtu aliyeungua eneo kubwa anavuja maji kutoka kwenye damu kwenda kwenye nyama. Kwa mtoto, jeraha likizidi asilimia 10 ya mwili huwa anahitaji dripu. Hesabu inayotumika sana ni mililita 3 hadi 4, mara kilo zake, mara asilimia iliyoungua. Mtoto wa kilo 12 aliyeungua asilimia 15, kwa mililita 4, atahitaji mililita 720 ndani ya saa 24. Nusu yake, 360, inatakiwa iingie ndani ya saa 8 za kwanza.

Saa 8 hizo zinahesabiwa tangu alipoungua, sio tangu mlipofika. Mkifika saa 3 baadaye, zimebaki saa 5, kwa hiyo dripu lazima ikimbie mililita 72 kwa saa badala ya 45. Ukikosea saa, nesi anakosea mwendo wa dripu. Juu ya hayo mtoto anaongezewa maji ya kawaida ya siku yenye sukari, kwa sababu akiba yake ya sukari ni ndogo kuliko ya mtu mzima.

Baada ya hapo nesi hatulii. Anapima mkojo kila saa, akitafuta karibu mililita 1 kwa kila kilo. Huyu wa kilo 12 anatakiwa atoe mililita 12 hivi. Ukipungua, dripu inaongezwa. Ukizidi sana, inapunguzwa, maana maji mengi nayo yanajaa kwenye mapafu. Kwa hiyo usimwage mkojo wa mwanao ili kusaidia usafi. Mwite nesi aupime.

Beba pia kadi ya kliniki. Chanjo ya pepopunda imo ndani ya ile ya wiki ya 6, 10 na 14, na nesi anataka kujua kama zilikamilika.

Ukiulizwa kwa undani mtoto aliungua vipi na nani alikuwepo, usikasirike. Yapo majeraha yenye umbo la kukusudiwa, mfano miguu yote miwili iliyoungua kwa mstari ulionyooka kama soksi, na nesi ana wajibu wa kuuliza. Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mtu yeyote mwenye ushahidi wa mtoto kuteswa atoe taarifa. Simu ya Mtoto ni 116, na Kenya ni namba hiyohiyo.

Siku ya kubadilisha bandeji

Ukiuliza wazazi waliolaza mtoto wodini, wengi watakuambia siku ya kuungua haikuwa mbaya kama siku za bandeji. Mtoto akimuona mtu mwenye gauni jeupe anaanza kupiga kelele kabla hajaguswa.

Nesi mzuri anajua kwamba maumivu ya leo ndiyo hofu ya keshokutwa. Anatoa dawa ya maumivu mapema, ya kunywa kama nusu saa kabla, na kwa jeraha kubwa daktari anaweza kuandika mofini au ketamini. Bandeji iliyoganda anailowesha kwanza hadi ilegee. Haivuti. Kazi ya kuumiza inafanyikia chumba kingine, ili kitanda cha mtoto kibaki mahali pa usalama. Mtoto wa miaka 4 anaweza kupewa kazi ya kufungua mzunguko wa mwisho mwenyewe, au kuhesabu na nesi hadi kumi. Ni kitu kidogo ila kinamrudishia mamlaka kidogo juu ya mwili wake.

Mzazi una haki ya kuuliza kwa sauti ya kawaida, "Nesi, ameshapewa ya maumivu?" Wodi ina watoto wengi na wauguzi wachache. Swali lako sio dharau.

Kinachopakwa kinategemea jeraha na kilichopo stoo. Krimu nyeupe yenye madini ya fedha, silva salfadiazini, bado inatumika sana kwetu, ila haiwafai watoto wachanga wala wenye mzio wa dawa za salfa. Kwingine wanatumia bandeji yenye vaselini isiyogandia. India, madaktari wa Mumbai waliwahi kuandika kuhusu jani la mgomba lililotakaswa kama kifunikio cha jeraha. Haligandi, na mtoto haumii likitolewa. Hilo la hospitali, lakini. Usikate mgomba wa jirani.

Kwenye chakula wazazi wengi wanapunguza wakati mtoto anahitaji zaidi ya kawaida yake. Mayai, maharage, dagaa, maziwa, uji wa karanga. Anayenyonya aendelee kunyonya. Akishindwa kula, nesi anaweza kupitisha mrija puani, nao hauna maana kwamba hali ni mbaya.

Kama mmeruhusiwa kurudi nyumbani na jeraha dogo, kuwa macho siku chache za kwanza. Homa kali, vipele mwilini, kutapika, kuhara au usingizi usio wa kawaida ni dalili ya sumu ya bakteria, na inaweza kumpata hata mtoto mwenye jeraha dogo tu. Rudi hospitali siku hiyohiyo.

Mkao anaoupenda ndio unaomlemaza

Mtoto anayeumwa anajikunja. Mkono unakunjwa kwenye kiwiko, kidevu kinashuka kifuani, vidole vinafunga ngumi. Anatulia, mama anashukuru, na ngozi mpya inajengeka ikiwa fupi kwenye mkao uleule.

Ndiyo maana nesi anakuja kuondoa mto kwa mtoto aliyeungua shingo na kuweka taulo lililokunjwa chini ya mabega ili shingo inyooke. Ndiyo maana kila kidole kinafungwa bandeji yake peke yake, maana vidole viwili vyenye vidonda vikikaa pamoja vinaweza kuota pamoja. Kwapa linakaa wazi, mkono ukiwa pembeni kama bawa. Usiku linafungwa banzi.

Mtoto atalia, ndugu watasema nesi ana roho mbaya. Acha banzi likae.

Ngozi inababuka na hakuna moto

Sio kila mtoto wa wodi hii ameungua. Kuna bakteria wanaofanya ngozi ya mtoto mdogo ibanduke kama iliyomwagiwa maji ya moto. Kuna pia mwitikio mkali wa dawa, hasa za salfa na baadhi ya dawa za kifafa: homa, macho mekundu, vidonda mdomoni, kisha malengelenge. Acha hiyo dawa na uende nayo hospitali, pakiti yake ikiwemo. Watoto hawa wanauguzwa karibu sawa na walioungua, na plasta za kunata haziwekwi kwenye ngozi yao kabisa.

Yule mdudu mwekundu na mweusi wa msimu wa mvua, nzi wa Nairobi, naye anaacha mstari unaofanana na kuungua. Hang'ati. Sumu inatoka ukimponda juu ya ngozi, kwa hiyo mpulize, kisha osha kwa sabuni.

Kidonda kikishafunga

Hapa ndipo wengi wanaacha kliniki, na ndipo mkono unapopotea. Kovu linaendelea kukaza na kubadilika kwa mwaka mmoja hadi miwili. Jeraha lililochukua zaidi ya wiki 3 kufunga lina uwezekano mkubwa wa kuota kovu nene, na ndiyo maana daktari hupendekeza kupandikiza ngozi mapema badala ya kusubiri lijifunge.

Nyumbani kazi ni ya kila siku: paka mafuta yasiyo na manukato, sugua kovu kwa kidole gumba kwa mzunguko, nyoosha kiungo hadi mwisho mara kadhaa kwa siku, tafuta michezo ya kumfanya anyooshe mwenyewe. Kurusha mpira kunafanya kazi kuliko kumvuta. Muwasho utakuwepo, hasa usiku. Mkate kucha na umwambie daktari, dawa ipo. Jua la mchana lisipige kovu jipya.

Rangi hurudi taratibu, mara nyingi ikianzia pembeni na kama madoa madoa katikati. Kwa jeraha la juu juu ni suala la miezi. Kama kiungo kimeanza kukaza, usisubiri mtoto akue. Nenda hospitali yenye mtaalamu wa fiziotherapia au upasuaji wa kurekebisha, kama Muhimbili kwa Dar es Salaam, KCMC Moshi, au Kenyatta kwa walioko Nairobi. Kwa Tanzania, mtoto wa chini ya miaka 5 kisera anatibiwa bure kwenye vituo vya umma, ingawa bandeji zikiisha stoo utaambiwa ukanunue nje. Uliza dirishani kabla hujalipa.