Mapigo Yasiyo na Mizani

Mwishoni mwa karne ya 19, katika mji wa Burnley, Uingereza ya kaskazini, uliojaa viwanda vya kufuma pamba, aliishi tabibu James Mackenzie, ambaye, ingawa hakuwa mwalimu wa chuo wala bingwa wa hospitali kuu, alikuwa na subira ya kuwafuatia wagonjwa wake mwaka baada ya mwaka, akiyachora kwa chombo chake mapigo ya mkono pamoja na yale ya mshipa wa shingo, ambao hupokea wimbi la chumba cha juu cha moyo. Kwa mwanamke mmoja mwenye vali ya moyo iliyobana aliona kuwa, mapigo yalipoharibika mizani, wimbi lile lilitoweka kabisa. Akadhani chumba kimepooza.

Hakikupooza. Mwaka 1909 Thomas Lewis wa London, na kwa upande wao Rothberger na Winterberg wa Vienna, wakitumia mashine ya umeme wa moyo aliyoibuni Willem Einthoven huko Leiden, walithibitisha kuwa chumba hicho kilikuwa kikitetemeka zaidi ya mara 350 kwa dakika, mithili ya tanga lipigwalo na pepo za kila upande. Muda si mrefu Jolly na Ritchie wa Edinburgh wakaibainisha aina nyingine ya mtetemeko, yenye kasi ya karibu 300 kwa dakika, walakini yenye utaratibu, kwa kuwa umeme wake huzunguka njia ile ile.

Dawa nayo ilikuja kwa njia ya ajabu. Mwaka 1914 tabibu Wenckebach alisimulia habari za mfanyabiashara Mholanzi, aliyezoea kumeza kwinini katika nchi zenye malaria, naye akagundua kwamba gramu moja iliyatuliza mapigo yake yaliyoharibika mizani. Ama chimbuko la cheche za umeme zinazouanzisha mtetemeko, halikujulikana vema hata mwaka 1998, tabibu Haïssaguerre wa Bordeaux alipoonyesha kuwa aghalabu hutoka katika mishipa iletayo damu kutoka mapafuni.

Hatari kubwa ya mapigo haya yasiyo na mizani ni kiharusi: damu ikituama chumbani huganda, na bonge likasafiri hadi ubongoni. Shinikizo la damu, uzee na pombe huchochea maradhi haya. Lakini Afrika ya Mashariki wapo vijana wengi ambao, kama yule mwanamke wa Burnley, wameharibikiwa vali, kwa sababu ya homa ya baridi yabisi iliyoanzia kooni utotoni. Basi wazazi, mtoto akiumwa koo na kupata homa, msimwache apone mwenyewe. Mpelekeni kwa tabibu, kwani penisilini ikitolewa mapema huukinga moyo wake.